Usinunue bendera iliyokosa ukanda mweupe

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaonye wasomaji kabla sikukuu ya Jamhuri haijafika.

Desemba ikikaribia, barabara za Nairobi hugeuka soko la bendera. Ukikwama kwenye foleni pale Globe au Pangani, kijana atakuletea dirishani bendera ya kijiti, bendera ya kubandika kiooni, bendera ya kujifunga shingoni. Sina ugomvi na vijana hao. Wanatafuta riziki kama ninavyotafuta mimi. Ugomvi wangu ni na bidhaa wanayopewa wauze. Nyingi ya bendera hizo hazina ule ukanda mweupe unaotenganisha nyeusi na nyekundu, wala ule wa pili unaotenganisha nyekundu na kijani. Kwingine ukanda upo lakini umekonda hadi huuoni ukiwa hatua kumi. Juzi nilishika moja iliyokuwa na ukanda wa juu tu, wa chini haupo, na muuzaji akaniambia kwa uso mkavu kwamba ndivyo zinavyotengenezwa siku hizi.

Hazitengenezwi hivyo siku hizi wala siku zile. Bendera isiyo na kanda mbili nyeupe si bendera ya Kenya, na anayeinunua amepoteza pesa zake.

Mimi ni fundi wa cherehani. Kibanda changu kiko nyuma ya soko la Kariokor, na majirani wamezoea kuniita Mama Bendera, ingawa kinachonilisha hasa ni sare za shule na mapazia. Kazi ya bendera huja kwa misimu: Madaraka, Mashujaa, Jamhuri, na kila baada ya miaka mitano wanasiasa wanapokumbuka kwamba wana nchi. Nilifunzwa kushona na marehemu baba, aliyekuwa fundi katika duka la nguo mtaa wa Biashara. Alikuwa mkali kuhusu vipimo kuliko kuhusu sala.

Wacha nieleze kwanza jinsi ukanda mweupe unavyopotea, kwa sababu si kila mara ni ujanja. Mara nyingine ni mkasi.

Bendera yetu ni mbili kwa tatu. Ikiwa kimo chake ni sentimita 60, urefu wake ni 90. Kimo hicho unakigawa mafungu 20: nyeusi inachukua sita, nyeupe moja, nyekundu sita, nyeupe moja, kijani sita. Kwa bendera ya 60, fungu moja ni sentimita tatu, kwa hiyo unapata 18, tatu, 18, tatu, 18. Hesabu ya mtoto wa darasa la nne. Sasa fundi asiye na uzoefu anachukua chaki na rula, anakata ukanda mweupe wa sentimita tatu kamili, anaushona juu na chini. Kila mshono unakula sentimita moja. Akigeuza kitambaa upande wa mbele, ukanda uliobaki ni wa sentimita moja. Ule mweusi pia umeliwa sentimita zake, lakini ukiondoa kidogo katika 18 hakuna jicho litakalojua. Ukiondoa mbili katika tatu, umemaliza. Ndiyo maana mimi hukata mweupe wa sentimita tano na zile pana za sentimita 20, kisha naacha mshono ule unachotaka kula.

Halafu kuna rangi kuchuja. Kitambaa chekundu cha bei ya chini kikinyeshewa mvua moja kinatema rangi juu ya mweupe, unabaki na waridi. Fundi mwenye haya zake huloweka kitambaa chekundu kwanza, akakisuuza hadi maji yatoke safi, ndipo akate. Wale wanaochapisha bendera kwa mafurushi wametafuta njia ya mkato: wameuondoa mweupe kabisa, tatizo likaisha.

Na kuna bajeti. Mwalimu mkuu mmoja, shule yake sitaitaja, alikuja kuagiza bendera ya mlingotini na nyingine ndogo za watoto kupunga. Tulipofika kwenye bei akakuna kichwa, akaniuliza, “Mama, tukitoa hizi nyeupe mbili utanipunguzia ngapi?” Nikamwambia, “Mwalimu, nitakuwa nimekupunguzia nchi.” Alicheka, lakini hakuagiza. Nilipopita karibu na shule hiyo baadaye, niliona alichonunua kwingine, na sikucheka.

Huenda msomaji akasema mwanamke huyu anatetea biashara yake. Natetea, ndiyo. Lakini kuna zaidi ya biashara.

Yupo mzee wa Ziwani anayependa kupumzika kwenye benchi langu akitoka sokoni. Siku moja mteja aliacha pale bendera ya kuchapishwa, ya rangi tatu tupu, nimshonee upindo. Mzee aliiinua, akaitazama, akaniuliza, “Mama, uchaguzi wa chama ni lini?” Nikamwambia hakuna uchaguzi wa chama, hii wanasema ni ya taifa. Akairudisha mezani. “Hii ni ya chama,” akasema. “Ya taifa ilitiwa mweupe.”

Mzee alijua anachosema. Rangi tatu za bendera yetu ni za zamani kuliko Kenya huru. Tarehe 26 Julai 1952, katika mkutano mkubwa wa chama cha KAU kule Nyeri, Jomo Kenyatta alisimama akawaeleza watu bendera ya chama chao. Nyeusi, aliwaambia, ni kuonyesha kwamba hiki ni chama cha watu weusi. Nyekundu ni kuonyesha kwamba damu ya Mwafrika ina rangi ile ile ya damu ya Mzungu. Kijani ni nchi kama Mungu alivyotupa, yenye rutuba. Na akawaomba watazame kwamba kijani kimewekwa chini ya nyekundu, kimekandamizwa. Katika bendera hiyo kulikuwa na ngao, mkuki na mshale, ili watu wawakumbuke mababu walioilinda ardhi.

Watoto wetu hawafundishwi habari hii. Wote tunakariri kwamba nyekundu ni damu iliyomwagika kupigania uhuru, na kwa bendera ya leo ndivyo ilivyo. Lakini Julai 1952 hali ya hatari ilikuwa bado haijatangazwa. Ilitangazwa Oktoba 20 mwaka huo, usiku ambao Kenyatta na wenzake walikamatwa, na ndiyo sababu Mashujaa huadhimishwa tarehe hiyo. Kenyatta alipokuwa akiongea Nyeri, nyekundu ilikuwa hoja ya usawa: nikate nawe nikukate, tuone kama kuna tofauti. Damu iliyomwagika ikaja baadaye, ikakaa juu ya rangi iliyokuwapo tayari. KAU ikapigwa marufuku mwaka 1953. Chama cha KANU kilipoundwa mwaka 1960 kilirudi kwenye rangi hizo hizo tatu, nyeusi, nyekundu na kijani.

Mnamo Mei 1963 KANU ilishinda uchaguzi. Upande wa pili walikuwa KADU, chama cha Ronald Ngala, waliotaka majimbo na waliohofu kumezwa. Chama kilichoshinda kingeweza kupandisha kitambaa chake mlingotini na kuwaambia wengine wazoee. Haikuwa hivyo. Bendera ya taifa ilichukua zile rangi tatu, lakini zikatenganishwa kwa kanda mbili nyeupe, maana yake amani, na katikati ikawekwa ngao na mikuki miwili. Jogoo, alama ya KANU, alibaki kwa KANU.

Jirani zetu walikuwa wamefanya jambo la namna hiyo miaka miwili kabla. Bendera ya TANU, chama chao cha kupigania uhuru, ilikuwa kijani, nyeusi, kijani. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, bendera ya nchi ilikuwa na rangi hizo, lakini pembeni mwa nyeusi pametiwa kanda nyembamba za manjano. Ukiziweka bendera hizo mbili mezani kwa fundi, ataona haraka kwamba kazi iliyofanyika ni moja: mtu alichukua kitambaa cha chama, akakifumua mishono, akaingiza kitu kati.

Hapo ndipo nilipo mimi. Kwa maoni yangu, ukanda mweupe ndio uliomruhusu Mkenya ambaye hakuipigia KANU kura asimame wima wimbo ukipigwa. Nyeusi, nyekundu na kijani zilikuwa na mwenyewe. Nyeupe ilikuja kwa ajili ya wengine wote. KADU wenyewe walivunja chama chao Novemba 1964 wakaingia serikalini, lakini kanda hazikufumuliwa, na ni vizuri, maana hii nchi haijawahi kukosa walioshindwa uchaguzi. Kila baada ya miaka mitano kuna karibu nusu ya watu wanaohitaji kuona ndani ya bendera mahali pao. Ukiwauzia rangi tatu tupu, umewarudishia bendera ya mshindi.

Najua si kila mtu anakubali. Juni 2024, vijana walipokuwa barabarani kuhusu Mswada wa Fedha, bendera zilitafutwa kuliko maji. Zilifungwa vichwani, mabegani, kwenye boda boda. Nilishona hadi umeme ulipokatika, nikaendelea kwa taa ya simu. Kijana mmoja akaja akaniambia, “Mathe, nishonee moja, lakini hiyo nyeupe toa. Amani gani?” Ilikuwa baada ya tarehe 25, siku waandamanaji walipopigwa risasi, na alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, lakini nikaona hotuba haimfai. Nilimwambia tu kwamba kwangu haitoki bila nyeupe, na kama anataka ya rangi tatu atazipata tele pale barabarani. Alinuna, akakaa kwenye benchi, akangoja, akalipa, akaenda nayo.

Nimefikiria sana swali lake tangu siku hiyo, na bado siamini kwamba jibu ni kutoa ukanda. Rangi za bendera si taarifa ya habari. Kijani hatukukitoa miaka ya ukame, wala misitu ilipokatwa tukakipunguza upana. Kama amani haipo, basi ukanda mweupe ndio anaoweza kuuonyesha askari kwa kidole na kumwambia: hiki mliapa. Akiutoa mwenyewe amemsaidia nani?

Lakini kuhusu nyekundu kijana huyo alinifundisha kitu. Kwake haikuwa damu ya akina Kimathi. Ilikuwa ya watu aliokuwa nao Jumanne ile. Kwa hiyo nimeihesabu nyekundu mara tatu sasa: ya Nyeri mwaka 1952, ya vitabu vya shule, na ya vijana hawa. Kitambaa ni kile kile ninachonunua kwa jora Eastleigh.

Sasa ngao. Hapa mafundi wenzangu wanisamehe, maana nitasema ukweli: tunaiharibu sana. Ni ngao ya Kimaasai, na kazi yake pamoja na mikuki ni kusema kwamba haya yote mengine yatalindwa. Ina nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kijani hakimo ndani yake, na bado kuna watu wanatia kijani kwa sababu jora limebaki. Mikuki ni myeupe, imepishana nyuma ya ngao, ncha zikielekea juu. Nimeona mikuki ya manjano. Nimeona mikuki mbele ya ngao, kana kwamba ngao ndiyo inayolindwa. Nimeona ngao iliyobandikwa upande mmoja tu, ili upepo ukigeuza bendera unakuta nyuma pametupu na mishono inaning’inia. Ngao sharti ikae pande zote mbili, na hiyo ni kazi mara mbili: unakata vipande viwili viwili, unavipiga pasi, unavishikiza kwa pini, unazungusha zigizaga taratibu kwa sababu kitambaa cha polista huteleza. Hiyo ndiyo sehemu ya gharama, si nyeupe. Mwalimu yule angeniuliza nitoe nini ili bei ishuke, ningemwambia apunguze saizi.

Kosa la kupindua bendera nalo lisisahauliwe. Wengi huitazama ngao ili wajue upande wa juu, na ngao yetu ina umbo linalolingana, haitakusaidia. Tazama rangi. Nyeusi juu, kijani chini, kama majani yalivyo chini ya miguu yako. Nimeona hafla za watu wazima, wenye suti, kijani kikiwa juu, na hakuna aliyeguna.

Haya yote yameandikwa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 9, inaitaja bendera kuwa alama ya kwanza ya taifa, na Jedwali la Pili linaichora na kuieleza: kanda tatu kubwa zenye upana sawa, nyeusi, nyekundu na kijani kutoka juu kwenda chini, zikitenganishwa na kanda nyembamba nyeupe, na katikati ngao yenye umbo linalolingana pamoja na mikuki myeupe. Nimepiga ukurasa huo kopi, nikautia plastiki, nikautundika ukutani karibu na orodha ya bei. Mteja akibishana namwonyesha. Wengine hushangaa kwamba Katiba ina picha.

Kuna kipindi magavana walitaka kupeperusha bendera kwenye magari yao, mabishano yakafika bungeni, na sheria ikarekebishwa ikawataja wanaoruhusiwa: Rais, Naibu wake, Jaji Mkuu, mawaziri na maspika. Sheria ipo, Sura ya 99, na ni kali kwa gari lenye bendera isiyostahili. Lakini bendera yenyewe ikiwa mbovu, ikiwa na rangi tatu na ngao ya upande mmoja, inapita mbele ya askari kumi bila kuulizwa. Nadhani tumehangaikia sana nani anaipeperusha, tukasahau anapeperusha nini.

Na tukiwa hapo niseme na hili, ingawa halihusu mshono. Septemba 2022, Malkia Elizabeth alipofariki, bendera zetu zilishushwa nusu mlingoti kwa siku nne. Wateja wangu walibishana juu ya jambo hilo hadi chai ikapoa. Mimi nilikuwa upande wa waliosema ilikuwa nyingi. Kitambaa hiki kilipanda mlingotini usiku ule ambao cha Uingereza kilishuka. Kukiinamisha kwa ajili ya mwenye kile kilichoshuka, siku nne, kulinishinda. Soko letu lenyewe, Kariokor, lina jina la Carrier Corps, wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na sijasikia kwamba London walishusha chochote kwa ajili yao. Lakini hayo ni maoni ya fundi.

Kushuka na kupanda huko kulifanyika Uhuru Gardens, barabara ya Lang’ata, usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963. Pale pana mugumo unaoonyesha mahali bendera iliposimamishwa kwanza, na sanamu ya wapigania uhuru wakiipandisha. Usiku huo huo, mbali na umati, Kisoi Munyao na wenzake walikuwa Mlima Kenya, wakaipandisha kwenye kilele cha Lenana, karibu mita 5,000 juu. Kisoi alifariki mwaka 2007. Kila ninapopiga pindo la upande wa mlingoti humfikiria, kwa sababu huko juu upepo hauna huruma na pindo la mshono mmoja lisingefika asubuhi. Mimi hupiga mishono miwili na kuimarisha pembe. Na Oktoba 1964, haijafika hata mwaka, Wilson Kiprugut alishika nafasi ya tatu katika mita 800 kule Tokyo, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya, na bendera ikapandishwa mbele ya ulimwengu. Nani angetaka ile ya siku hiyo iwe imekosa kanda?

Jambo jingine la kuchekesha kidogo. Nina wateja kutoka Sudan Kusini, wengi wao wanaishi hapa Nairobi miaka mingi. Bendera yao ni nyeusi, nyekundu na kijani, na kanda nyeupe kati yake, kama yetu, ila wao wameongeza pembetatu ya bluu na nyota ya manjano. Mama mmoja wa huko aliponiletea kazi yake alikagua kanda nyeupe kabla ya kukagua nyota, akazipima kwa futi yangu, juu na chini, mwanzo na mwisho wa bendera. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akanionyesha bendera yetu ya kichuuzi iliyofungwa kwenye toroli la muuza miwa ng’ambo ya barabara. “Na yenu, dada,” akaniuliza, “nyeupe imekwenda wapi?” Sikupata jibu la kumpa mgeni.

Kwa hiyo nina maombi, na si mengi.

Kwa mnunuzi: kabla hujatoa pesa, ikunjue yote. Usiridhike kuiona ikiwa imekunjwa kwenye nailoni, hapo ndipo kasoro hujificha. Tafuta nyeupe mbili, na uangalie kama zinalingana kutoka upande wa mlingoti hadi upande unaopepea. Nyingi huanza vizuri na kuisha zikiwa zimepinda. Geuza uone ngao nyuma. Lowesha kidole usugue nyekundu; ikibaki kwenye kidole, rudisha. Ukikuta kasoro usimkemee kijana anayeuza, mwambie akamwambie aliyemletea.

Kwa walimu: mnapowakaririsha watoto maana ya rangi, msiiweke nyeupe mwisho kama chenji. Nimesikiliza watoto wa hapa mtaani wakicheza shule. “Nyeusi ni wananchi, nyekundu ni damu, kijani ni ardhi,” halafu wanakimbia. Ukiwauliza kuhusu nyeupe wanatazamana. Mtoto aliyelelewa na bendera ya rangi tatu ukutani mwa darasa hawezi kulaumiwa kwa hilo.

Kwa wanaohusika na sherehe za taifa: toeni karatasi moja yenye vipimo, kwa Kiswahili, muigawe bure kwa mafundi wa Gikomba, Kariokor, Kawangware na kokote nguo zinakoshonwa. Sizungumzii semina yenye chai na mandazi. Karatasi moja. Mafundi wengi hawashoni vibaya kwa dharau, wanakopi bendera mbovu waliyoiona kwa jirani, na yule jirani alikopi kwa mwingine. Na mnaponunua bendera zenu za kupamba barabara ya kuelekea uwanjani, msichukue tu zile za bei ya chini kabisa, kwa sababu mwaka jana nilipanda matatu nikazihesabu zile zenye kanda nyembamba mpaka nikachoka, na hizo hazikuwa za wachuuzi.

Na kwako wewe Mhariri: wiki moja kabla ya Jamhuri, chapisha ule mchoro wa Jedwali la Pili, ukurasa mzima, kwa rangi. Weka mafungu pembeni, sita, moja, sita, moja, sita, na mfano mmoja kwa sentimita, kwa sababu fundi hasomi mafungu, anasoma futi. Tafadhali uwaambie watu wa mitambo waangalie wino mwekundu usimwagikie mweupe. Mkiuchapisha Jumamosi itakuwa bora zaidi, maana Jumapili tunafunga na tutapata muda wa kuukata na kuubandika. Mimi nitanunua nakala tano za kugawia majirani, na baada ya Desemba 9 sipokei tena kazi ya Jamhuri, wateja wangu wanajua.

Mama Bendera,
Fundi wa cherehani, Kariokor,
Nairobi